Laptopu ya kikoba ilirudi, taarifa za wanachama je?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Mbagala, tuko 28, na mambo yetu yote yalikuwa kwenye laptopu moja, hisa za kila mtu, nani anadaiwa shilingi ngapi, nakala za vitambulisho vya NIDA, mpaka fomu za mikopo zenye picha na namba za simu za wadhamini. Usiku mmoja wa joto nikaiacha mezani inachaji, dirisha wazi, wakachana wavu wakaivua kwa mti ikapita kiubavu katikati ya nondo, asubuhi naamka nakuta waya wa chaja unaning'inia.

Nikaenda kituo cha polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, sawa, ila afande akaniuliza seriali namba, sina. Risiti ya dukani imeandikwa "laptopu HP moja" basi. Wengi tunadhani laptopu inafungiwa kama simu kwa kutumia IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, kumbe laptopu nyingi hazina IMEI kabisa kwa sababu haziweki laini, utambulisho wake ndio hiyo seriali namba iliyo kwenye stika huko chini, ile inayofutika kwa jasho la mapaja. Ipigeni picha leo kabla haijafutika.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta, akaniuliza kama niliwasha Find My Device, kile kitu cha Windows cha kutafutia laptopu iliyopotea. Ipo tangu enzi za Windows 10 ila lazima uwe umeiwasha mwenyewe kabla ya kuibiwa, uwe umeingia na akaunti ya Microsoft, halafu laptopu ikipata intaneti ndio unaona ilipo na unaweza kuifunga ukiwa mbali. Mimi sikuwasha. Na hata ukiwasha, wakishapiga Windows upya ndio imekwisha hiyo.

Nikamwambia lakini si ina pasiwedi? Akanyamaza kidogo akasema mama mdogo, pasiwedi ya kuingilia ni kufuli la mlangoni wakati nyumba ukuta wa nyuma ni makuti. Mtu anafungua skrubu anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine kama flashi anasoma kila kitu. Niliishiwa nguvu jamani, maana laptopu tungechanga tukanunua nyingine, ila vitambulisho vya wenzangu nitavirudishaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, inataka anayeshika taarifa za watu azilinde, na aliyezishika ni mimi.

Hapo hapo tukabadilisha pasiwedi ya imeili na kutoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. WhatsApp yangu nayo ilikuwa wazi kule, nikaenda kwenye simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa nikaitoa, la sivyo mtu angekaa anasoma ujumbe wa kikundi au aandike kwa jina langu ile hela tumeni kwenye namba hii, na wangetuma, wananiamini.

Wiki ya tatu fundi mmoja akampigia mwenyekiti. Kaletewa laptopu aitoe pasiwedi, kuigeuza akaona jina la kikoba na namba ya simu vimechorwa kwa msumari wa moto. Hilo lilikuwa wazo la mama mmoja mtu mzima siku tuliyoinunua, wengine tulilalamika anaiharibu. Tukaenda na RB na askari tukaipata, aliyeileta hakurudi tena.

Lakini wiki tatu zote hizo ilikuwa mikononi mwa nani, na nani alinakili nini, hakuna anayeweza kuniambia. Nilisimama mbele ya wanachama nikawaeleza ukweli wote ili wawe macho na simu za ajabu ajabu. Sasa diski tumeifunga kwa BitLocker, inayofumba mafaili yasisomeke hata diski ikichomolewa, nayo iko kwenye Windows Pro, zile za Home baadhi zina kitu kama hicho chenye jina lingine, angalieni kwenye setingi. Ukiiwasha unapewa namba ya akiba ya tarakimu 48, ukiipoteza hata wewe mwenyewe unaweza kufungiwa nje, kwa hiyo yetu tumeiandika kwenye karatasi ipo ndani ya sanduku la kikoba lile la kufuli tatu. Nakala ya mafaili iko kwenye diski ya pembeni kwa mweka hazina, nayo imefungwa vile vile.

Ombi langu kwa wenye maduka, hasa wanaouza mitumba ya laptopu Kariakoo, andikeni seriali namba kwenye risiti, ni dakika moja tu. Na nyie mafundi, mtu akileta laptopu itolewe pasiwedi mwambieni kwanza alete risiti, na muigeuze muangalie chini.

Katibu wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam