Kabla Hujasaini: Barua kwa Mama na Mdogo Wangu

Mpendwa Mama, na wewe mdogo wangu,

Shikamoo Mama. Najua barua hii utasomewa, kwa hiyo salamu zako natanguliza. Mimi ni mzima, kile kifua kimepona kabisa, na leo asubuhi nimetoka zamu ya usiku. Nilitaka nilale kwanza ndipo niandike, lakini usingizi umekataa tangu nilipozisoma zile karatasi mbili za kazi alizonitumia mdogo wangu.

Mdogo wangu, nimezisoma mara tatu. Ya kwanza ni ya mkandarasi: msaidizi wa kazi za jumla wakati wa shatidauni, yaani mtambo unapofungwa kwa matengenezo makubwa, malipo kwa saa, na saa yake inazidi ya karatasi ya pili kwa nusu nzima. Ya pili ni ya kiwanda chenyewe: opereta mwanafunzi, yaani anayejifunza kuendesha mtambo, mshahara wa mwezi. Unasema Mjomba anashauri ufuate penye hela, na Mama amenyamaza. Mimi siwezi kunyamaza, kwa sababu njia zote mbili nimezipita kwa miguu yangu.

Sijawahi kuwaeleza vizuri nilivyoanza huku. Kwenye simu nilikuwa nasema tu "nafanya kazi kiwandani." Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa mlangoni mwa tanki, chini ya mkandarasi. Wenzangu wanapenya ndani kupitia tundu ambalo mtu mwenye mabega mapana anaingia ubavu ubavu, mimi nabaki nje na orodha ya majina, redio na kipima gesi. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, natoa watu wote. Sauti ya ndani ikinyamaza, naita jina moja moja hadi wote waitikie. Saa kumi na mbili kwa siku, siku saba kwa wiki, na haramu kuondoka pale hata kwenda msalani kabla hajaja wa kunipokea. Ni kazi ya heshima, maana roho za watu ziko mikononi mwako. Lakini shatidauni ilipokwisha, siku hiyo hiyo jioni nilirudisha kitambulisho getini, na tangu hapo nikakaa wiki tisa nasubiri simu ilie.

Pale tankini ndipo nilipomwona opereta kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee mmoja, anapita kila baada ya saa mbili. Anafika kwenye pampu, anaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, anasikiliza, anaandika, anaendelea na safari yake. Siku moja nikamuuliza anasikia nini. Akanipa ile bisibisi. Pampu ya kwanza ilivuma laini kama nyuki mzingani. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo mdogo, mfano wa mchanga chini ya kiatu. Akaniambia, "Hiyo itabadilishwa kabla ya Ijumaa." Nilichojifunza zaidi ni kwamba saini yake ndiyo iliyokuwa juu ya kibali chetu cha kazi. Asiposaini, sisi wote tunasimama. Na shatidauni ikiisha, yeye anabaki.

Sasa chukua kalamu tuhesabu, maana Mjomba ameangalia saa moja na mimi nataka uangalie mwaka mzima.

Mwaka una saa 8,760. Mtambo haulali, kwa hiyo sisi maopereta tumegawanywa makundi manne, na kila kundi linabeba saa 2,190, wastani wa saa 42 kwa wiki. Hizo ni zako, kuwe na shatidauni kusiwe na shatidauni. Mkandarasi je? Tuseme shatidauni ya wiki tano, saa 84 kwa wiki. Ikiwa saa zinazozidi 40 zinalipwa mara moja na nusu, kama ilivyo huku niliko, basi saa 84 zinalipwa kama 106, na wiki tano zinakuwa 530. Kwa kuwa saa yake inazidi ya mwanafunzi kwa nusu, shatidauni moja ni sawa na saa 795 za mwanafunzi. Ukipata tatu kwa mwaka umefika 2,385, umemshinda mwanafunzi. Ukipata mbili tu ni 1,590, umeachwa nyuma saa 600. Na kupata tatu si jambo la kulala na kuamka. Mtambo mmoja hufungwa kwa matengenezo makubwa kila baada ya miaka minne hadi sita hivi, ndiyo maana watu wa mkandarasi maisha yao yako kwenye begi, leo mkoa huu, kesho nchi ile.

Hapo sijagusa bima ya afya, likizo ya kulipwa wala akiba ya uzeeni. Nilipokuwa kwa mkandarasi wangu wa kwanza, karibu theluthi ya nilichopokea iliandikwa "posho ya kujikimu." Nilifurahi, maana posho haikukatwa kodi. Kisha nikateguka kifundo cha mguu. Siku ambazo sikufika kazini posho haikuwepo, na ile akiba ya uzeeni ilikuwa inahesabiwa kwenye mshahara mtupu, si kwenye posho. Iliniuma sana, lakini ilikuwa imeandikwa, na mimi nilisaini bila kusoma. Ndiyo maana zako nimezisoma mara tatu.

Upande wa opereta, mshahara wa kuanzia ni mdogo, sikufichi. Ila una ngazi, na ngazi zenyewe zinaonekana. Unaanza nje, kwenye eneo moja. Unafuata kila bomba kwa miguu, unalichora kwa mkono wako, unajua vali ipi inafunga nini, halafu msimamizi anazunguka nawe akikuuliza: umeme ukikatika sasa hivi unaanzia wapi? Ukifaulu, eneo hilo linaandikwa jina lako na mshahara unapanda. Unakwenda eneo la pili, la tatu. Mimi ilinichukua miaka minne kuyamaliza yote ya nje. Baada ya hapo ndiyo bodi, chumba cha kuongozea mtambo, ambako unakaa mbele ya skrini na mtambo mzima uko mbele yako kwa namba. Huko ndiko mshahara unakotulia. Kutoka bodi wengine wanakuwa wasimamizi wa zamu, wengine wafundishaji, wengine wanaandika taratibu za kazi au wanashika ofisi ya vibali.

Ugumu wake nao uujue. Zamu zetu zinakwenda hivi: usiku nne, mapumziko matatu, mchana tatu, pumziko moja, usiku tatu, mapumziko matatu, mchana nne, kisha siku saba za kupumzika. Zile siku saba ni tamu. Lakini lile pumziko moja halitoshi hata kufua nguo, na mwili hauzoei kugeuzwa hivyo, unavumilia tu. Mama, ndiyo maana mara nyingine simu yako inaita na sipokei mchana. Si kiburi, nimelala.

Mdogo wangu, usinielewe vibaya nikadhaniwa nawadharau watu wa mkandarasi. Baadhi yao wanalipwa kuliko mimi na kuliko msimamizi wangu, na wanastahili. Mchomeleaji aliyefaulu mtihani wa 6G, yaani bomba limefungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 na haligeuzwi, yeye ndiye analizunguka, huyo anachagua kazi. Hata hivyo ana mzigo wake: kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, akikaa miezi sita bila kuchomelea kwa njia ile aliyofaulia, anatahiniwa upya. Fundi wa vipimo, anayetunza vyombo vya kupimia vya mtambo, naye hakosi kazi. Wakaguzi wenye vyeti vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, 510 vya vyombo vya mgandamizo, 570 vya mabomba, 653 vya matanki, wanatafutwa kila mahali, na cheti kinahuishwa kila miaka mitatu. Wapo pia maopereta waliokaa bodi miaka kumi, wakaacha kazi ya kudumu, na sasa wanaitwa na wakandarasi kwenda kuwasha mitambo mipya. Wote hao walikwenda kwa mkandarasi wakiwa na ufundi mkononi. Wewe karatasi yako inasema "msaidizi wa kazi za jumla." Unachouza hapo ni saa zako tu, na mwakani utauza saa zile zile.

Kuna jambo moja nilitaka kuliacha kwa ajili ya Mama, lakini ni heri lisemwe. Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi wakati mtambo unawashwa baada ya matengenezo. Mafuta yakafurika, mvuke ukashika moto. Walikufa watu 15, wote wafanyakazi wa wakandarasi. Walikuwa ndani na karibu ya ofisi za muda zilizowekwa jirani na mtambo ule, na kazi waliyokuja kufanya ilikuwa ya mtambo mwingine kabisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maopereta walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo, na kwamba maelezo aliyoachiwa opereta wa asubuhi kitabuni yalikuwa mstari mmoja. Mstari mmoja! Tangu nilijue hilo, ninapokabidhi zamu naandika mpaka mwenzangu anachoka kusoma, halafu nazunguka naye. Nakueleza hili ili popote utakapokwenda, ukifika asubuhi uulize: mtambo gani unawashwa leo, na mimi nitakuwa nimekaa wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu ni karatasi ya pili. Kama nafasi ile imeshajazwa, usimkatae mkandarasi, ila mwambie unataka kuwekwa chini ya wachomeleaji au mafundi wa vipimo, na uombe iandikwe. Akikataa kuandika, nenda shatidauni moja tu, weka akiba ya ada, kisha urudi chuo cha ufundi. Ada ikipungua nitaongeza mimi. Hilo nimeshalipanga.

Na Mjomba msalimie sana. Mwoneshe zile hesabu taratibu, yeye ni mtu wa namba, ataelewa.

Nina ombi moja. Karatasi ya mkandarasi umenipigia picha kurasa nne, na chini ya ukurasa wa nne imeandikwa "4 kati ya 6." Nataka kuona ule wa tano na wa sita. Mara nyingi huko ndiko yanakokaa mambo ya nauli ya kurudi, ya kuumia kazini, na ya mkataba kuvunjwa kabla ya wakati. Nitumie leo kabla ya jioni. Saa kumi na mbili naingia zamu, na simu zetu tunaziacha getini.

Mama, nakubusu mikono. Wiki ijayo nina zile siku saba, nitapiga mchana tuongee bila haraka.

Mimi, binti yako na dada yako.