Bega la barabara ndiyo njia yetu ya baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja moja kwa wanaosanifu na kukarabati barabara za Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Bega la barabara, ule ukanda wa pembeni ambao kwenye michoro huhesabiwa kuwa ni wa gari lililoharibika, kwa hapa kwetu ndiyo njia halisi ya baiskeli, na linastahili kujengwa na kutunzwa kwa kulitambua hivyo.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho yake na afike Feri alfajiri. Wachuuzi wa samaki hufunga tenga kwenye keria kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, wakashika njia kuelekea Naliendele na vijiji vya mbele kabla jua halijawa kali, maana samaki hangoji mtu. Mzigo ukishakaa nyuma namna ile, gurudumu la mbele huwa jepesi, na mwendeshaji hawezi kukwepa kitu ghafla bila kuyumba. Mtu huyo akifika kwenye yale matuta madogo madogo yaliyopangwa mfululizo ili kuwapunguzia madereva mwendo, hukuta yamevutwa hadi ukingoni kabisa, bega nalo likiwa ndani yake. Gari lina springi na linapita. Baiskeli iliyobeba tenga hukatika spoku, ndiyo maana wengi huchagua ama kuingia katikati ya magari ama kushuka mchangani. Tuta lililowekwa kwa ajili ya usalama wa mtu huyu linamsukuma kwenye hatari ileile. Kuyakomesha matuta pale bega linapoanzia hakuhitaji fedha ya ziada, na nadhani kungeokoa lami kidogo.

Tatizo la pili ni ukingo wenyewe, na hili nimelijua kwa goti langu. Mimi ni mwalimu, na huendesha baiskeli kutoka Mikindani hadi mjini, umbali wa kilomita 10 hivi. Masika iliyopita lori lilinipigia honi kwa nyuma, nikashuka pembeni kulipisha, na nilipojaribu kurudi barabarani gurudumu la mbele likaserereka kando ya ukingo wa lami uliosimama wima karibu shibiri moja, nami nikaenda chini pamoja na madaftari ya darasa zima, ambayo baadhi yake yalielea kwenye maji. Fundi aliyeninyoshea rimu hakuuliza nimeangukaje. Aliuliza tu, "Mwalimu, ni pale pale kabla ya kona?" Nilipoitikia, akaendelea na kazi yake kama mtu aliyezoea.

Ukingo huo hauzuki wenyewe. Udongo wetu ni wa mchanga, mvua huuchukua kirahisi, na kila barabara inapowekewa tabaka jipya la lami, njia ya magari hupanda huku bega likibaki chini. Baada ya miaka michache panakuwa na ngazi. Mkandarasi akilazimika kisheria, kwa mkataba, kusawazisha bega kila anapotandika lami mpya na kulishindilia vizuri, ngazi hiyo haitakuwapo. Mchanga unaosombwa na maji ukajikusanya juu ya lami nao unahitaji ufagio baada ya mvua. Hilo ni jambo la vibarua wachache, wala haliombi mradi.

Nasema haya nikijua kwamba mji wetu una bahati ambayo miji mingi haina. Mtwara ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, kwa matarajio ya mji mkubwa ambao haukuja kwa kasi waliyoiota. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi ule iling'olewa, tumebaki na mtaa unaoitwa Reli, lakini nafasi haikung'olewa: kutoka Shangani hadi Magomeni au Chuno ni mbali kwa miguu na ni karibu kabisa kwa baiskeli, na sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Kwenye barabara kuu na za mkoa, sheria ya mwaka 2007 kwa kawaida huhifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hatuna kisingizio cha kubanana, kama ambacho mtu wa Kariakoo anaweza kukitoa.

Wapo watakaosema kuwa bodaboda zimeshaiua baiskeli. Zimepunguza abiria wake, hilo ni kweli, lakini mchuuzi ambaye faida yake ya siku ingeishia kwenye petroli bado anakanyaga pedeli, vivyo hivyo mwanafunzi wa sekondari ya kata na mkulima anayekuja mjini kufuatilia malipo yake ya korosho. Hao wote wanatumia barabara moja na malori ya saruji na ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, ambayo yamekuwa mengi.

Itakapofika siku ya kutenga njia rasmi, tujifunze kwa Dar es Salaam, ambako njia za baiskeli zilizojengwa sambamba na mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro zimevamiwa na pikipiki na wafanyabiashara. Mstari wa rangi hauzuii kitu. Panahitajika ukingo wa zege wa kutenganisha, na nguzo fupi kwenye kila maingilio zinazopitisha baiskeli ya tenga na kukataa bajaji.

Kuna na jambo dogo la maegesho. Katika ofisi moja ya umma mlinzi aliniamuru niiache baiskeli nje ya geti, ilhali magari yalikuwa yamepumzika ndani chini ya mwembe. Niliifunga kwenye nguzo ya umeme na muda wote niliokuwa kwenye foleni macho yangu yalikuwa dirishani. Mabomba machache yaliyochomelewa na kufukiwa kwenye zege, pale sokoni, hospitalini na kwenye ofisi, yangetosha.

Ninawaomba TARURA kwa barabara za mitaa, na TANROADS kwa barabara kuu, watume mhandisi apande baiskeli kutoka Feri hadi Naliendele alfajiri moja kabla ya bajeti ijayo, akiwa na tenga nyuma, hata kama ni la mchanga. Akikosa baiskeli nitamwazima yangu, rimu imeshanyoshwa.

Mwalimu mwendesha baiskeli,
Mikindani, Mtwara