Bei "njoo inboksi" si ujanja wa muuzaji peke yake

Mhariri,

Wateja hutusema sana wenye maduka tunaoweka picha ya bidhaa mtandaoni bila bei. "Dada, andika bei, acha kutupima mifuko," mmoja aliniandikia chini ya picha ya blenda. Wapo wanaopima mfuko kweli, siwatetei. Lakini kuna bidhaa dukani mwangu hapa Mwembe Tayari ambazo bei ninayouzia siiandiki kwa kuwa nimekatazwa.

Msambazaji anayeniletea blenda hizo ana sharti lake: bei inayotangazwa, iwe Facebook, stetasi ya WhatsApp au karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, isishuke chini ya shilingi 8,999. Mimi nazinunua kwa 7,000. Mteja akiingia dukani naweza kumwachia kwa 7,800, hilo halina neno. Kosa ni kuitangaza hiyo 7,800. Wakala wake hupitapita kwenye kurasa zetu, na ukinaswa umeteremsha, ukiagiza tena unaambiwa mzigo umekwisha ghalani.

Hoja anayo, tusimwonee. Mimi nalipa kodi na stima. Mteja anakuja, namwashia mashine, namsagia barafu akiona kwa macho yake, namweleza jinsi ya kuosha visu bila kujikata. Akishatoka anafungua simu na kumtafuta mtu asiye na duka, anayeuzia sebuleni kwa faida ya shilingi mia mbili. Sharti hili linanikinga na huyo, na ndilo linaloniwezesha kuweka mashine ya kuonyeshea.

Anayeumia ni mteja wa mbali. Anayepita Mwembe Tayari ataingia, atabembeleza, atapunguziwa. Wa Lunga Lunga au Hola, anayeagiza kwa simu na kutuma pesa kwa M-Pesa, anakuta 8,999 kila ukurasa anaofungua, anaamini ndiyo bei, analipa. Anayeona haya kupatana bei, naye yumo humo humo. Maduka makubwa, kwa upande wao, wameshapata mlango wa nyuma: wanatangaza 8,999 ile ile, na chini yake "pata pasi bure". Sharti halijavunjwa! Mimi pasi ya kugawa nitaitoa wapi?

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 21, inamzuia msambazaji kumwekea muuzaji bei ya chini kabisa ya kuuzia. Kupendekeza bei anaruhusiwa, mradi aseme wazi kwamba si lazima ifuatwe. Wangu hujibu kuwa yeye hagusi bei ya kuuzia, anagusa tangazo tu. Uingereza jibu hilo halikupita. Mwaka 2016 mamlaka yao ya ushindani iliitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 2 kampuni ya friji za mahoteli na mikahawa iliyowazuia wauzaji kutangaza bei za chini mtandaoni. Nami naona ni haki, maana anayenunua mtandaoni hana bei nyingine zaidi ya ile anayoiona. Marekani masharti ya namna hii kwa kawaida huruhusiwa, lakini hata huko, mwaka 2000, Tume ya Biashara ilizibana kampuni 5 kubwa za muziki zilizoyanyima fedha za matangazo maduka yaliyotangaza CD kwa bei ya chini. Tume hiyo ilikadiria kuwa katika miaka 3 huenda wanunuzi walilipa hadi dola milioni 480 zaidi ya walivyostahili.

Naiomba Mamlaka ya Ushindani iihesabu bei iliyotangazwa mtandaoni kuwa ndiyo bei ya kuuzia, basi. Na msambazaji anayetaka mashine zake zionyeshwe vizuri atugharimie: atupe moja ya kuonyeshea bure, na wenye maduka atupunguzie bei ya jumla. Hapo nitashindana na yule wa sebuleni bila mteja wa Hola kutozwa cha juu.

Jambo hili nilimweleza wakala, nikamwomba aniletee sharti lao kwa barua yenye mhuri wa kampuni. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti.

Mwenye duka la vyombo vya umeme,
Mwembe Tayari, Mombasa