Viza zimekwisha muda: tupande meli ipi ya Karibi?

Kwa Mhariri na wasomaji wenzetu,

Tunaomba ushauri kuhusu safari ya meli ya kitalii katika Karibi. Sisi ni mume na mke, vijana, Wakenya, na makao yetu ni Houston, Texas. Mume anasomea shahada ya uzamivu kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi, mke yuko naye kwa F-2, ya mwenzi wa mwanafunzi. Viza zilizobandikwa kwenye pasipoti zetu zimekwisha muda. I-20 (fomu ya chuo inayothibitisha masomo) na I-94 (kumbukumbu ya kuingia Marekani) zetu bado ziko hai, kwa hiyo kukaa kwetu Marekani ni halali kabisa. Shida yetu inaanza pale meli inapong'oa nanga.

Wengi wanaamini kwamba safari ya meli inayoanza na kuishia katika bandari ileile ya Marekani haina ukaguzi wa maana. Hilo linawahusu raia wa Marekani, ambao wanaweza kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mgeni ni habari nyingine. Meli ikishafika nchi ya nje amehesabiwa kuwa ametoka Marekani, na siku ya kurudi anasimama mbele ya afisa wa uhamiaji sawasawa na aliyeshuka kwenye ndege.

Ipo kanuni ya Marekani inayotufaa. Inamruhusu mwenye F au J (viza ya programu za kubadilishana), pamoja na mwenzi na watoto wanaoandamana naye, kurudi kwa viza iliyokwisha muda kana kwamba bado ni hai, mradi hakukaa nje zaidi ya siku 30 na muda wote huo alikuwa Kanada, Meksiko au katika visiwa jirani pekee. Visiwa hivyo vimetajwa: Bahama, Bermuda, Jamaika, Barbados, Trinidad, Haiti, Jamhuri ya Dominika, Martinique, visiwa vya Windward na Leeward, na maeneo ya Uingereza, Ufaransa na Uholanzi yaliyoko Karibi. Kwa hiyo Grand Cayman, Aruba, Curaçao na Sint Maarten zimo. Kuba imetolewa. Sharti jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba ukiomba viza mpya ukiwa huko nje, umeipoteza nafuu hii papo hapo, hata kama ombi halijajibiwa.

Tunaomba wanaotujibu waangalie vizuri nchi ambazo hazimo katika orodha hiyo: Belize, Honduras, Costa Rica, Panama, Kolombia. Roatán ni kisiwa, na kinauzwa kwenye matangazo kama kisiwa cha Karibi, lakini ni mali ya Honduras. Belize City nayo iko bara. Na hizo mbili ni bandari za kawaida kabisa kwa meli zinazoondoka Galveston, bandari ambayo sisi tungeifikia kwa gari, kilomita kama 80 tu kutoka nyumbani. Ratiba ya usiku 7 kutoka Galveston mara nyingi ni Roatán, kisha Costa Maya na Cozumel zilizoko Meksiko, au Belize ikiwa mahali pa mojawapo. Kubaki chumbani wakati wengine wanashuka hakuiondoi Honduras kwenye safari, kwa sababu kanuni inazungumzia mahali ulipokuwa na haisemi kitu juu ya kukanyaga gati.

Mke anapenda ratiba ya pili ya Galveston: Jamaika, Grand Cayman na Cozumel, usiku 7. Ukiisoma kwenye karatasi, bandari zote tatu zimo. Mume anashikilia kwamba ratiba si ahadi, na mkataba wa tiketi unamuunga mkono. Karibu kila mkataba unampa nahodha haki ya kuruka bandari au kuibadilisha kwa sababu ya hali ya hewa, usalama au hitilafu ya mashine, na abiria kwa kawaida hurudishiwa ada ya bandari iliyorukwa, basi. Grand Cayman ni mfano mzuri. Hakuna gati la meli kubwa pale George Town. Meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti, na bahari ikichafuka boti hazifanyi kazi, bandari inarukwa. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa na siku moja zaidi baharini, jambo lisilotudhuru hata kidogo. Lakini tufani ikikaa karibu na Jamaika, meli ya Galveston hukimbilia magharibi, na magharibi ndiko waliko Roatán na Belize. Hapo tutakuwa tumeingizwa nje ya kanuni bila kuulizwa.

Kuna upande wa pili ambao washauri wengi wa safari hawaugusi. Kanuni ya Marekani inahusu kurudi tu, haimwambii Mmeksiko akupokee. Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Meksiko, na Meksiko huwasamehe wenye viza ya Marekani iliyo hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani. Yetu imekwisha, kwa hiyo msamaha huo hatuna. Kwa abiria anayeshuka asubuhi na kurudi melini jioni, wa kwanza kuamua ni kampuni ya meli, maana ndiyo inayobeba gharama ikimpeleka mtu asiyepokelewa. Baadhi ya kampuni huandika wazi katika masharti yao kwamba asiye raia lazima awe na viza ya Marekani iliyo hai na ya kuingia zaidi ya mara moja. Kanuni tuliyoieleza hapo juu haikutajwa humo. Mfanyakazi wa kaunta anayefuata maandishi hayo anaweza kukuzuia hata kama sheria iko upande wako, na atakayezuiwa kwa sababu ya makaratasi harudishiwi nauli.

Kaunta hiyo haina muda wa mabishano. Orodha ya abiria hutakiwa kufika kwa mamlaka ya mipaka angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka, ndiyo maana milango hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukianza kumtafuta msimamizi saa 8 mchana kwa meli ya saa 10, umechelewa. Hivyo tumekusudia kufika mwanzo wa dirisha la kupandia, tukiwa na pasipoti zenye uhai wa zaidi ya miezi 6, I-94 zilizochapishwa, nakala ya kanuni yenyewe, cheti cha ndoa, na I-20 mbili, ya mume na ya mke, kila moja ikiwa na saini ya safari ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Saini hiyo hudumu miezi 12, na kwa aliye kwenye mafunzo ya kazi baada ya masomo ni miezi 6. Kosa la kawaida ni kusaini ya mwanafunzi na kuisahau ya mwenzi.

Ukizitazama pande zote mbili kwa pamoja, safari iliyo safi zaidi kwa Mkenya mwenye viza iliyokwisha ni ya Bahama: usiku 3 au 4 kutoka Miami au Port Canaveral, kwenda Nassau na kisiwa cha kampuni yenyewe, ambacho nacho mara nyingi kiko hukohuko Bahama. Mkenya haihitaji viza ya Bahama, na Bahama imo kwenye visiwa jirani. Hata nahodha akibadilisha, kutoka kisiwa kimoja cha Bahama huwa anakwenda kingine au anabaki baharini. Jamaika pia haimtaki Mkenya viza, kwa hiyo usiku 5 kutoka Miami kwa Jamaika na Bahama ungetufaa, ila ratiba nyingi za namna hiyo huchanganywa na bandari ya tatu ambayo lazima ichunguzwe peke yake.

Mke anajibu, na ana hoja, kwamba Bahama iko Atlantiki, haiko katika Bahari ya Karibi. Safari fupi ya Galveston, ya Cozumel na Progreso, nayo ni nusu tu: Progreso iko kwenye Ghuba ya Meksiko, mwisho wa gati la zaidi ya kilomita 6 lililojengwa hivyo kwa sababu pwani ile ni ya maji mafupi mno. Anataka kuona milima ya Jamaika na maji ya Cayman, na hatupendi kulipia safari kubwa ya ndoa yetu kisha mmoja ahisi amepelekwa mahali pengine.

Ratiba za mashariki kutoka Miami, kama Puerto Plata, San Juan, St. Thomas na Sint Maarten, zina uzuri wake: zote zimo ndani ya kanuni ya kurudi, na hata badala zake kwa kawaida ni visiwa vingine vilivyomo. Lakini Puerto Plata ina tatizo lilelile la Meksiko, kwa kuwa Jamhuri ya Dominika nayo huangalia viza ya Marekani iliyo hai. Isitoshe, San Juan na St. Thomas ni ardhi ya Marekani. Meli ikifika huko ikitoka nchi ya nje, wasio raia huitwa kukaguliwa ana kwa ana na uhamiaji, mara nyingi alfajiri, kabla abiria wengine hawajaruhusiwa kushuka. Kisha unatoka tena na kukaguliwa mara ya pili Miami. Mitihani miwili badala ya mmoja.

Kuhusu wakati, kalenda ya chuo inatupa nafasi tatu. Agosti tumeifuta. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30 na kilele chake ni karibu Septemba 10, na bei nafuu za miezi hiyo ni za hatari hiyo hiyo. Wasiokaa Texas hudhani hatari iko visiwani tu. Tufani ya Beryl iliingia Texas karibu na Matagorda Julai 8, 2024, na wakati wa Harvey, Agosti 2017, meli za Galveston zilishindwa kurudi bandarini kwao kwa siku kadhaa. Kwa watu wenye makaratasi kama yetu, bandari ya kurudia kufungwa ni jambo zito kuliko bandari ya matembezi kurukwa. Desemba ina bei ya Krismasi, ina upepo mkali wa kaskazini unaofunga Progreso na wakati mwingine Cozumel, na miezi ya baridi ukungu hufunga mkondo wa Galveston meli zikisubiri nje. Iliyobaki ni katikati ya Mei, baada ya mitihani. Dosari yake ni mwani wa sargassum, unaojaa pwani ya Costa Maya kuanzia majira hayo. Upande wa magharibi wa Cozumel, ziliko gati, huathirika kwa nadra.

Fedha tumezipima pia. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili, na juu yake huja kodi na ada za bandari. Bakshishi ya wahudumu ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku katika kampuni nyingi kubwa: kwa wawili usiku 7 ni dola 224 hadi 280, kwa usiku 4 ni 128 hadi 160. Pombe hatunywi, kwa hiyo kifurushi cha vinywaji hakituhusu. Maji, chai na kahawa ya kawaida havilipiwi. Chumba kisicho na dirisha kinatutosha, kikiwa katikati ya meli na sitaha ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo na mwenye kichefuchefu hupata nafuu. Safari ya Florida inaongeza tiketi mbili za ndege na usiku mmoja hotelini, kwa sababu kuruka siku ileile ya meli ni kucheza na pesa. Bima itanunuliwa mapema, ikiwemo ya kusafirishwa mgonjwa, na kabla tufani yoyote haijapewa jina, maana ikishapewa jina bima mpya haiihesabu. Salio katika kampuni nyingi hulipwa kati ya siku 75 na 90 kabla ya safari, na baada ya hapo kujiondoa kunakula sehemu kubwa ya fedha.

Njia nyingine ni kungoja. Kwenda Nairobi, kuomba viza mpya, kisha kupanda meli yoyote tunayoitaka. Lakini hiyo ina gharama ya nauli mbili za kwenda na kurudi, na hatari ya mume kukwama nje ya masomo ombi likichelewa. Ni hatari kubwa kwa ajili ya likizo.

Sasa maswali yetu. Aliyewahi kupanda meli kwa F au J yenye viza iliyokwisha, je, kampuni ilimpa jibu la maandishi kabla ya kulipa, na jibu hilo liliheshimiwa kaunta? Aliyeshuka Cozumel kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda bila viza hai ya Marekani aliulizwa nini? Kuna yeyote ambaye meli yake ya Galveston ilipelekwa Roatán au Belize bila kupangwa, na siku ya kurudi afisa alilichukuliaje? Na kwa wenye ndoa za miaka mingi: je, twende Bahama mwezi Mei kwa usiku 4, tuihifadhi Jamaika mpaka viza zihuishwe, au mke ana haki ya kusema safari nusu ni bora isifanyike? Arubuni inayorudishwa tunaweza kuiweka wiki hii, kwa hiyo jibu la haraka litatusaidia zaidi ya jibu refu.

Wenu,
Mume na mke, Houston