Mmehukumu kabla ya Mamlaka

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu nikiwa fundi wa mjengo na sijawahi kuwaandikia. Ile ripoti ya Jumanne kuhusu kampuni za mabati imenishinda kunyamazia. Kichwa chenu kiliziita karteli, yaani kundi linalopanga bei kwa siri. Ni hadi aya ya mwisho kabisa ndipo tunaambiwa Mamlaka ya Ushindani ingali inachunguza.

Kesho yake mteja ninayemkopesha tangu achimbe msingi aliingia dukani kwangu hapa Kayole, akalitandaza gazeti juu ya kitabu changu cha madeni, akaniuliza mbele ya mafundi mbona bei yangu ya bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) ni sawa na ya jirani. Eti tunakaa chini tunapanga! Mhariri, mimi na huyo jirani hatusalimiani tangu aninyang'anye mfanyakazi. Bei zetu zinafanana kwa sababu sote huchukua mzigo depo moja kule Viwandani, na depo hutazama dola. Dola ilipokaribia Sh160 mapema 2024, kila duka lilipandisha, hata la asiyejuana na mtu. Bei kufanana si ushahidi. Ushahidi ni mawasiliano na mikutano, na huo hutafutwa. Kampuni tisa za vyuma zilipotozwa na Mamlaka hiyo faini ya zaidi ya Sh338 milioni kwa kupanga bei mwaka wa 2023, baada ya uchunguzi ulioanza 2020, sikuzitetea. Nilisema zilipe. Sheria ya Ushindani ya 2010 humpa mtuhumiwa nafasi ya kujitetea, kisha rufaa, maana faini yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Mamlaka ilichunguza miaka mitatu kabla ya kuhukumu. Nyinyi hamkusubiri hata simu ipokelewe.

Na kuna wizi hamjawahi kuuandika. Bati limepigwa chapa ya geji 30, ukilipima ni 32, yaani jembamba zaidi. Anayeuza hilo ananiangusha kwa bei kila siku, mteja anamsifu, paa linaanza kuvuja, fundi ndiye analaumiwa.

Basi uamuzi ukitoka, uchapisheni ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule na wino ule ule mwekundu, hata kama kampuni zote zimeondolewa lawama. Mwandishi wenu naye aje apime mabati. Kipimo ninacho, kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Asije Jumamosi tu, siku hiyo napokea mzigo.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Kayole, Nairobi