Barua kwa Mjomba, kuhusu hondohondo

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe ulinisema hadharani. Unaikumbuka send-off yangu pale Mwanza? Ulishika maikrofoni ukawaambia wageni wote kwamba hondohondo ni ndege mwenye akili: akioa, humzibia mke ndani ya tundu la mti, atulie alee watoto. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mimi nilinuna mpaka keki ikakatwa.

Sasa sikia. Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Entebbe, semina ya siku tatu ya mambo ya bajeti, ukumbi hauna hata dirisha. Siku ya pili, alfajiri, nikatorokea bustani ya mimea, ile waliyoianzisha Waingereza mwaka 1898 kujaribia mimea ya kigeni. Iko ukingoni mwa ziwa letu hilihili, ila wao wako kaskazini.

Ndege wa kwanza kumwona alikuwa shorobo mkubwa wa buluu. Wenyeji humwita bulikoko. Mdomo wake wa njano una ncha nyekundu, utadhani kapaka rangi ya midomo gizani. Kuruka hakumpendezi, anakimbia juu ya tawi kama kuku aliyekurupushwa jikoni.

Halafu nikasikia mbawa juu yetu, vuu, vuu, vuu, kama mtu anakung'uta mkeka. Kijana aliyekuwa ananitembeza akaninong'oneza: "Madamu, huyo analetea bibi chakula." Nikasema kumbe ndege nao hutunza bibi zao, hadi nilipokumbuka kwamba Uganda bibi ni mke.

Alikuwa hondohondo dume, mweusi na mweupe, na lile pembe lake juu ya mdomo. Akatua mbele ya tundu la mti lililozibwa, likabaki na ufa mwembamba kama wa sanduku la sadaka, koo limetuna. Akatikisa shingo, tunda la mkuyu likachomoza kwenye ncha ya mdomo. Ndani ya ufa ukatokea mdomo mwingine, ukalipokea taratibu. Akatikisa tena, likaja jingine. Nilihesabu ishirini na tatu, kisha shingo yangu ikafa ganzi.

Nikamuuliza kijana nani aliyeziba ule mlango. Mke mwenyewe, Mjomba! Dume huleta madonge ya udongo aliyoyameza, anayatapika mlangoni, basi. Anayekandika ni jike, kutokea ndani. Hukaa humo takriban miezi minne, na mvua ikinyesha inamnyeshea bwana.

Semina niliichelewa saa nzima, nikaingia na tope kwenye viatu, mwezeshaji akanitazama kama mtoro wa darasa la tatu. Sikujali. Nilikuwa napanga maneno.

Mdogo wangu anafanyiwa send-off Desemba, na MC ameshaniahidi dakika tano. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Mpwa wako.