Makaa ya Mzee

Salim ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, baridi tu. Mwanaisha kapona, atakupigia mwenyewe.

Nimepita makumbusho ya reli kama ulivyoniomba, kumtafutia mjukuu habari za injini ya babu yake. Ipo! Namba 5918, Mount Gelai. Salim, lile ni jitu. Tani 252, boila imelazwa katikati, magurudumu yamegawanywa mafungu mawili, mbele na nyuma, ili ipinde kona na urefu wake wote ule. Zilitengenezwa 34 huko Manchester, kuanzia 1955, maana mizigo ya Kilindini ilikuwa imezishinda injini za zamani. Hizi zilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na wajua njia ile ilivyo: kupanda, kupanda tu.

Sasa balaa. Zilichoma mafuta. Mafuta, Salim, tangu kiwandani! Na Mzee katulea kwa hadithi za makaa: sepetu, jasho, viganja vigumu kama kwato, hajafika Voi mgongo umekwisha. Tulivyomwonea huruma! Kumbe kazi ya msaidizi wa dereva ilikuwa kufungua na kufunga koki, huku akichungulia moshi una rangi gani. Sisemi ilikuwa rahisi. Kukaa mbele ya moto ule, Tsavo, saa saba mchana... lakini makaa?

Halafu cheka kidogo. Zote zilibatizwa majina ya milima. Zimebaki mbili tu, ya pili ni Mount Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania! Mount Kenya iliuzwa chuma chakavu. Juma wa Same asijue, hatutalala.

Turudi kwa Mzee. Huenda makaa aliyatia kwenye injini nyingine, kabla ya hizi. Huenda. Ila mtoto asiandike kwanza, mwalimu akamkosoa mbele ya darasa, hadithi ikaturudia ukoo mzima.

Kwani Mzee aliajiriwa mwaka gani hasa? Alianzia Changamwe, au kuna siku alitaja Tabora? Ile picha yake ya kofia, namba ya injini inaonekana? Utamuuliza wewe, au ningoje Idi nimuulize mimi? Fimbo yake bado anayo? Na Chari kakulipa?

Wako,
Athumani